Juu ya Bangi, na Uhuru wa Mtu, na Haki za Wenziwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokutanika Lipingo, na kuchapwa hapa kwa ombi lao.)



Waliohudhuria mkutano uliopita watakumbuka kwamba mjadala wetu haukumalizika. Hoja ilikuwa hii: kwamba yafaa Serikali ihalalishe bangi, kwa kuwa mtu mzima ana amri juu ya mwili wake. Tulibishana saa mbili, taa ikapungua nguvu, wengine wakaanza kutazamana kwa macho yasiyo ya undugu, na Bwana Mwenyekiti akaona vema kufunga kikao kabla kura hazijapigwa. Ndipo sisi wawili tulipoagizwa tuipime hoja kwa utulivu, tuandike, kisha tusome mbele yenu. Kazi hii hatukuiomba. Wala hatuwezi kudai kwamba tulipoianza tulikuwa wa shauri moja, maana mmoja wetu alisimama upande wa hoja na mwenziwe upande wa pili. Na labda ndiyo sababu mkatuchagua.

Kwanza hatuna budi kuondoa uvumi, kwa kuwa uvumi huo ulichukua nusu ya mjadala wetu. Ng'ambo ya Ziwa letu ni Malawi. Tangu mwaka 2020 maneno yamezagaa penye mitumbwi ya usipa, kwamba wenzetu wa ng'ambo wameruhusiwa kuvuta. Sivyo. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Malawi mwezi wa Februari 2020 iliruhusu bangi ilimwe kwa ajili ya dawa na kwa ajili ya viwanda, yaani nyuzi, mafuta na vitu vya namna hiyo, tena kwa leseni ya mamlaka iliyowekwa kwa kazi hiyo. Sababu yake kubwa ilikuwa fedha: nchi ile imeishi kwa tumbaku miaka mingi, na soko la tumbaku limekuwa likififia, wakaona watafute zao jingine. Kuvuta kwa kujifurahisha hakukuruhusiwa. Na hata hiyo leseni, wakulima wadogo walinung'unika kwamba ada zake ni kubwa kupita uwezo wao, hata shamba likaelekea kuwa la mwenye mtaji. Bwana aliyetuambia juzi kwamba sheria ile imemkomboa maskini wa Malawi twamwomba radhi, lakini hakuisoma.

Kwetu sheria ni ile ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya. Bangi imo ndani yake. Kuilima, kuiuza, kuisafirisha na kuitumia ni makosa, na mahakama zetu zimekwisha kutoa vifungo vya miaka 30 kwa makosa ya bangi. Kijana atokaye ng'ambo na kifurushi chini ya nyavu, akidhani dunia imekwisha kubadilika, atajikuta mbele ya hakimu, na wale waliompa uvumi hawatakuwako.

Sasa tuwape wenye hoja haki yao. Walitutajia Uruguay, iliyohalalisha mwaka 2013, na Kanada, iliyofuata tarehe 17 Oktoba 2018. Nchi hizo ni za mbali, na mambo yake hatuwezi kuyapima kwa kipimo cha Lipingo. Lakini iko habari moja ya Afrika Kusini ambayo yatuhusu sana sisi watu wa kalamu, nayo haikutajwa na upande wo wote.

Alikuwako bwana mmoja, jina lake Gareth Prince, mfuasi wa dini ya Rastafari. Alisoma sheria, akafaulu, akataka kuandikishwa ili atimize masharti ya uwakili. Chama cha mawakili kikamkataa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuhukumiwa kwa kukutwa na bangi, naye alipoulizwa kama ataacha, alijibu kwamba hataacha, kwa kuwa ni sehemu ya ibada yake. Angaliweza kusema uongo, akapata cheo chake, akavuta usiku nyuma ya mlango. Hakusema uongo. Shauri lake lilifika Mahakama ya Katiba, na mwaka 2002 akashindwa: majaji watano walikuwa juu yake, wanne walikuwa pamoja naye. Jaji mmoja tu angaligeuza mambo. Miaka ikapita, akarudi mahakamani pamoja na wengine, safari hii si kwa hoja ya dini bali kwa hoja ya siri ya maisha ya mtu nyumbani mwake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape ikampa haki, na tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba yenyewe, kwa sauti ya Jaji Zondo na bila jaji hata mmoja kupinga, ikasema kwamba mtu mzima asishtakiwe kwa kuvuta au kupanda bangi kwa matumizi yake mwenyewe faraghani. Bunge likatakiwa kurekebisha sheria, na sheria yenyewe ikatiwa sahihi mwaka 2024.

Yule mmoja wetu aliyekuwa akipinga hoja akiri hapa kwamba habari hii ilimtikisa. Mtu aliyesema kweli alifungiwa mlango wa kazi, ilhali wangapi waliosema uongo waliketi ndani ya ofisi? Lakini tazameni vema majaji walitoa nini. Walitoa nyumba. Hawakutoa duka, kwa maana kuuza kulibaki kuwa kosa. Hawakutoa usukani wa gari, wala hawakumtoa mtoto chini ya ulinzi. Walichora mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, wakasema hapa ndani ni pako.

Wako wanachama waliosema kwamba neno uhuru wa mtu ni la kigeni, kwamba wazee wetu hawakulijua. Hilo twalikataa kabisa. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Bwana Martin Kayamba pamoja na wenziwe. Wazee hao walifanya kazi chini ya sheria iliyomkataza Mwafrika vinywaji vikali vya Kizungu. Mataifa yalipatana mwaka 1919, huko Saint-Germain, kuzuia pombe kali za biashara zisiingizwe kwa Waafrika, na amri ya kuitawala Tanganyika ikabeba sharti la namna hiyo hiyo. Yamkini waliofanya mapatano hayo walikuwa na nia njema. Pombe za namna ile ziliharibu watu pwani ya magharibi ya bara hili. Lakini yafikirini matunda yake: karani aliyeaminiwa kuhesabu fedha za Serikali mpaka senti ya mwisho hakuaminiwa kununua chupa moja ya wiski, ilhali jirani yake Mzungu aliinunua apendavyo. Sheria ilimwambia mtu mwenye mvi kwamba yeye ni mtoto. Basi mtu akisema leo kwamba Serikali isimlinde kwa nguvu dhidi ya nafsi yake, tusimcheke, maana anasema neno ambalo babu zetu walilimeza kwa uchungu.

Mtoa hoja alimtegemea Mwingereza John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1859 kitabu juu ya uhuru. Shauri la mwandishi huyo, kwa maneno yetu, ni kwamba watu hawana haki ya kumlazimisha mtu kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Wana haki hiyo pale tu anapowadhuru wengine. Mtoa hoja alisoma hapo akaketi, akapigiwa makofi. Laiti angaliendelea kufungua kurasa! Maana mwandishi huyo huyo, alipofika kwenye jambo la ulevi, alimtoa katika uhuru huo askari aliye katika zamu yake. Mtu wa kawaida akilewa ni shauri lake; mlinzi akilewa zamuni ni kosa la kuadhibiwa, kwa kuwa wako watu waliolala wakimtegemea yeye awe macho. Nasi wote tulioketi humu, walimu, waganga, makarani, watendaji, ni watu wa zamu.

Mvuvi wa hapa aelewa jambo hili bila kitabu. Usiku wa giza, taa zikiwa zimewashwa kuvuta usipa, watu wanne au watano wamo katika chombo kimoja. Mmoja akiwa amevuta, kichwa kikawa chepesi, upepo wa kusini ukainuka ghafula, je, yule ni mtu huru ndani ya mwili wake? Mwili ni wake, lakini kasia si lake peke yake. Vivyo hivyo dereva ashukaye mlimani kutoka Mbinga kuja Mbamba Bay kwa ile barabara ya lami ya kilometa 66. Abiria hawakumuuliza anakunywa nini. Walimpa nauli na roho zao.

(Hapa tusamehewe kutoka njiani kidogo. Jirani zetu wa Liuli wana habari maarufu ya mwezi wa Agosti 1914. Meli ya vita ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, ndipo ikatokea meli ya Kiingereza, Guendolen, ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Naye Rhoades, nahodha wa Kiingereza, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi na mwenzi wake wa kunywa. Husimuliwa kwamba alirukia mashua, akaenda kwa ghadhabu kumwuliza mwenziwe kama amelewa. Siku hiyo alichukuliwa mateka na mtu mwenye akili timamu. Twaisimulia kwa sababu yaonyesha neno moja: mwenye chombo akitenda jambo la ajabu, wa kwanza kumdhania ulevi ni rafiki yake, kwa kuwa ndiye amjuaye.)

Neno hilo la rafiki ndilo lililotukalisha sisi wawili usiku mzima, na sasa twafika penye jambo tusilopenda kulisema. Lakini tulipatana kwamba hatutasoma hotuba hii kama hatulisemi.

Miaka iliyopita sisi wawili tulifanya kazi katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, pamoja na karani mwenzetu, ambaye hatutamtaja. Alikuwa fundi wa barua kupita sisi. Alikuwa na ulevi. Tafadhali sikieni vema: hakuvuta bangi. Alikunywa pombe iliyolipiwa ushuru, katika chupa yenye karatasi ya kiwanda, na wakati ule vilipokuwapo viroba, alikunywa kiroba kwa kukinyonya pembeni ya kabati la majalada. Hakuvunja sheria yo yote ya nchi kwa kununua alichonunua. Kanuni za kazi alizivunja, na sisi tukazivunja pamoja naye: tulimwandikia jina katika daftari la mahudhurio, tulimfunika asubuhi kwa kusema ameenda benki, tulimalizia hesabu zake. Tuliona kwamba huo ndio undugu. Mtu akituuliza, tulijibu kwamba ni maisha yake.

Katika meza yake lilikuwako jalada la mjane. Mume wake alikuwa mtumishi kama sisi, akafa, na mama yule akawa anafuatilia haki zake. Alitoka kijiji cha ufukoni. Alipanda chombo, kisha gari, akalala kwa watu, akafika ofisini na kitambaa chake kimefungiwa karatasi zote za marehemu. Sisi tulimwambia, njoo wiki ijayo, mama. Alikuja tena. Tulimwambia karani mwenye jalada ana udhuru. Alikuja mara ngapi hatukuhesabu wakati ule. Baadaye tulipotazama kitabu cha wageni tuliliona jina lake mara tisa. Barua iliyotakiwa ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilikuwa imekwisha kuandikwa, tena vizuri, imelala chini ya droo bila sahihi. Mtoto wake mkubwa aliacha shule mwaka ule. Haki zilipolipwa, alikuwa amekwisha kuoa na kuingia kazi ya nyavu.

Yule mwenzetu aliondolewa kazini mwishowe. Tulipomwona baadaye, akiwa ameacha pombe kwa msaada wa watu wa kwao, hakutulaumu kwa kuwa tulimwacha anywe. Alitulaumu kwa kuwa tulimficha. Alisema laiti mmoja wetu angalikwenda kwa mkubwa wa ofisi mwezi wa kwanza, angalipewa onyo, labda likizo, labda matibabu, na cheo chake angalikuwa nacho.

Ndiyo maana, Bwana Mwenyekiti, twaona mjadala wetu ulikosea njia. Wenye hoja walisema, ikihalalishwa, basi ni uhuru. Wapinzani walisema, ikikatazwa, basi tumesalimika. Pombe ni halali, na Shirika la Afya la Dunia katika taarifa ya mwaka 2024 lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu zake. Bangi ni haramu, nayo yavutwa. Ruhusa ya sheria ni jambo moja. Deni la mtu kwa wale wamtegemeao ni jambo jingine, na halifutwi na ruhusa wala halilipwi na marufuku.

Je, basi sheria haina kazi? Inayo, na twataka tuseme shauri letu wazi ili mpate kulipinga. Tangu tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe za vifuko vya plastiki. Mtu mzima hakunyang'anywa chupa yake. Kilichoondolewa ni ile pombe ya senti chache, iingiayo katika mfuko wa kaptura ya mwanafunzi bila mwalimu kuiona. Sheria ile haikuuliza kama ulevi ni dhambi. Iliuliza nani anaumia kwanza, na kwa njia gani. Sisi twapenda sheria za namna hiyo.

Kwa kipimo hicho twaona bangi isiwekewe duka. Madaktari wamekwisha kuonyesha kwamba katika watu wavutao, yapata mmoja katika kumi hushindwa kuiacha, na hatari hiyo huzidi kwa aanzaye angali kijana. Tena kwamba uvutaji mwingi tangu ujana huongeza hatari ya wazimu. Duka hutaka wateja, na mteja aliye bora kwa mwenye duka ni yule yule asiyeweza kuacha. Hapo sisi wawili tuliafikiana, hata yule aliyeinua mkono upande wa hoja.

Lakini kwa kipimo hicho hicho twaona kwamba mvutaji asiye na zamu, asiyeuza, aliye kwake, hafanani na mfanya biashara, na kumtendea kana kwamba ni sawa ni kumponza kijana na kumfariji tajiri aliyemtuma. Nchi yetu imekwisha kuijua njia nyingine. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa methadoni watu waliotekwa na heroini, na huduma hiyo ikafika Mbeya na Dodoma na kwingineko. Wale hawakuitwa wema. Waliitwa wagonjwa, wakaja kila siku kunywa kikombe chao mbele ya muuguzi, na wengi wakarudi kazini. Bangi haina dawa ya kikombe kama hiyo, yahitaji mazungumzo na subira. Lakini mlango ni ule ule. Twapendekeza tumwombe Mbunge wetu, kwa barua na kwa adabu, aulize kama mvutaji anayekutwa mara ya kwanza aweza kupelekwa kwa mganga kabla ya kupelekwa gerezani. Hatuombi zaidi ya hayo. Mpaka Bunge litakaposema vingine, sheria ya 2015 ndiyo sheria, na mtumishi aliyeapa kuilinda hawezi kuivunja jioni akaitumikia asubuhi.

Kuhusu zamu zetu, hapo hatutaki barua kwa mtu ye yote. Twataka azimio letu wenyewe, kwamba mwanachama akiona mwenziwe amelewa kazini, kwa kitu cha halali au cha haramu, atamwendea yeye kwanza, peke yao. Na asiposikia, atakwenda kwa mkubwa wa ofisi, wala hatahesabiwa msaliti. Twajua wengine watasema kwamba huko ni kupelelezana. Bibi mmoja muuguzi alituambia jana, tulipomsomea rasimu, kwamba yeye aogopa azimio hili litatumiwa na wenye chuki, mtu akamtaja adui yake kwa kosa asilolitenda. Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana tumeweka kwanza kumwendea mwenyewe uso kwa uso, kwa kuwa mwongo hapendi hatua hiyo. Kama yuko aliye na shauri bora, twamwomba asimame baada yetu.

Yule mama alihamia kwa ndugu zake, na mmoja wetu amepata habari ya mahali alipo. Hatukuwahi kumwambia kwamba barua ile ilikuwa imekwisha kuandikwa. Tutakwenda kumwambia Jumamosi, kwa chombo cha asubuhi. Na Bwana Mwenyekiti akipenda, kura za hoja zipigwe leo, na za azimio zingoje mpaka tutakaporudi.